Karatasi Aliyoimeza Sufyan

Inspekta Fadhiya alikuwa ameshachoshwa na Konstebo Mutunga kabla hata hajamwona siku hiyo. Tangu askari huyo awekwe kwenye lango la Shule ya Upili ya Kisiwani, pale Tononoka, baada ya wavulana kutishiana visu muhula wa pili, meza ya Fadhiya haikupumzika. Mara kaletewa msichana aliyenaswa na unga wa kijani. Fadhiya akaunusa, hina. Mara kaletewa mvulana mwenye silaha ya ncha kali. Kumbe bikari ya hesabu. Kila mara humwambia, Mutunga, haya ni mambo ya mwalimu na mzazi. Na kila mara Mutunga hupiga buti sakafuni, akasema, "Sawa, Afande," kisha wiki haiishi analeta mwengine.

Leo kamleta mtahiniwa. Asubuhi ya mtihani wa taifa, sare ya shule imenyooshwa vizuri, na pingu mikononi.

"Amemeza ushahidi, Afande," Mutunga alisema. Alikuwa ametota jasho na uso umejaa furaha. "Karatasi ya mtihani. Nimemwona kwa macho yangu."

"Anza mwanzo."

Mutunga akaanza mwanzo. Karatasi ya Kemia ilikuwa imevuja. Picha zake zilienea kwenye simu za watu kabla watahiniwa hawajaketi, na pakiti ilipofikishwa chumba cha mtihani ikaonekana imechanwa ubavuni kwa wembe. Muda mfupi kabla ya hapo, Mutunga alikuwa ametoka ofisini alikokuwa akilinda sanduku la mitihani, akamkamata nyuma ya maabara huyu kijana, Sufyan wa kidato cha nne, akitia karatasi kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akanywa yale maji, kisha akaitoa karatasi yenyewe akaitafuna na kuimeza.

"Karatasi ngapi za mtihani zimekosekana kwenye pakiti?" Fadhiya aliuliza.

"Hazikukosekana, Afande."

"Sema tena."

"Zilikuwa kamili. Mwalimu Mkuu alizihesabu mbele ya watahiniwa wote, akanipigia simu."

"Sasa hii aliyoimeza ilitoka wapi?"

Mutunga alitazama dari. "Labda ni nakala, Afande."

Fadhiya alifumba macho kidogo, akayafumbua. Mutunga alikuwa bado yupo. Akanyoosha mkono, akapewa ile chupa ndani ya mfuko wa plastiki wa ushahidi. Chini yalikuwa yamebaki maji kidogo ya rangi ya manjano iliyoiva. Aliufungua mfuko, akanusa. Kisha akamshika Sufyan kidole cha shahada akakigeuza. Kilikuwa cha manjano vilevile.

"Mutunga, una muda gani Mombasa?"

"Mwaka umepita, Afande."

"Mwaka mzima, na hujawahi kukaribishwa nyumba ya mtu. Hili ni kombe! Mtoto akiwa na mtihani, au homa, au roho imemwingia hofu, wazee humwendea ustadhi akamwandikia aya kwa zafarani iliyotiwa marashi mawaridi, kwenye sahani au karatasi. Maandishi yale huoshwa kwa maji, mtoto akanywa. Ni dua, Mutunga. Umemkamata mtoto akinywa dua."

"Na karatasi mbona aliila?"

Sufyan ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Ina maneno ya Mungu, Afande. Ningeitupa wapi? Pale nyuma ya maabara ni jaani."

"Umesikia?" Fadhiya alisema. "Mfungue."

"Lakini ni mshukiwa, Afande."

"Mfungue, Mutunga, kabla sijakufunga wewe."

Pingu zilifunguliwa. Fadhiya alimketisha kijana, akamuuliza kombe alipewa na nani. Sufyan aliinamisha kichwa. Kapewa tu. Na nani? Na mtu. Mtu gani? Kaahidi hatamtaja, kwa sababu asubuhi ya mtihani hakuna aliyeruhusiwa kumpa mtahiniwa kitu chochote mkononi, na huyo mtu angeingia taabuni.

"Na wewe uko wapi, mwanangu? Hii si taabu?"

Fadhiya angeweza kulia kwa hasira. Mtu mzima akibanwa kituoni humtaja hata mamake mzazi. Na huyu, ndevu hazijaota, kaamua kuwa jabali leo.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Naye hakuwa na habari njema. Watu wa redio walikuwa wakimpigia simu moja baada ya nyingine. Afisa wa elimu kaagiza kwamba Sufyan asikanyage chumba cha mtihani mpaka polisi wamsafishe kwa maandishi.

"Kombe nimelielewa," alisema. "Lakini pakiti imechanwa, na mimi mshukiwa niliye naye ni huyu huyu. Niletee mwengine kabla ya karatasi ya Jiografia saa nane. Usiponiletea, anaandikiwa mashtaka."

Hapo hapakuwa na haja ya kufafanua zaidi. Mtihani wa asubuhi ulikuwa umeshampita kijana. Akikosa na wa mchana, miaka minne imekwenda na maji; na mashtaka hayo yatamfuata kila atakapokwenda kuomba cheti cha tabia njema ili apate kazi. Fadhiya alimwachia Sufyan kikombe cha chai na mahamri mawili, akamwashiria Mutunga kwa kidole.

"Wewe, twende. Na njiani usiniambie kitu."

*

Bi Truphosa, Mwalimu Mkuu, alikuwa mwanamke mrefu kutoka Vihiga, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza pwani. Aliwapokea ofisini akiwa amesimama wima. Juu ya meza palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli mbili, na kando yake ile pakiti iliyochanwa.

"Mimi nimefuata taratibu zote, Inspekta. Zote."

"Sijakuuliza bado."

Fadhiya alivaa glavu, akaiinua pakiti akaielekeza dirishani. Mchano ulikuwa umenyooka, kazi ya mtu asiyetetemeka. Pembeni yake palikuwa na alama ya kidole, ya manjano. Akaisogeza puani. Marashi mawaridi, hayana mjadala.

Mutunga naye alikuwa ameona. "Si nilisema, Afande! Vidole vya yule kijana!"

"Mutunga, sanduku lilikuwa limefungwa wakati unatoka humu kwenda kumkamata?"

"Limefungwa kabisa. Nilikuwa nimelikalia."

"Umelikalia?"

"Hakukuwa na kiti."

"Na tangu ulipomkamata, alikuponyoka mahali popote?"

"Hata sekunde moja! Nilimshika ukosi mpaka kwenye gari, na kwenye gari mpaka kituoni."

"Basi hii pakiti aliichana kwa mikono ipi?"

Nje, kengele ilipigwa na viti vikaburuzwa. Watahiniwa walikuwa wanamaliza karatasi ya Kemia, iliyochelewa kuanza kwa ajili ya mkasa wa pakiti. Mutunga alikuwa akifikiri kwa nguvu zake zote, na ilionekana usoni.

"Labda," alisema mwishowe, "kuna mtu mwengine aliyeshika hilo kombe."

"Alhamdulillahi," Fadhiya alisema. "Hapo sasa umekuwa askari. Haya, Bi Mkuu. Mutunga alipotoka mbio, sanduku lilibaki na nani?"

Bi Truphosa alimtazama Mutunga, na Mutunga akamtazama Bi Truphosa.

"Nilitoka pia," alisema Bi Truphosa. "Mtahiniwa ameonekana na karatasi, Inspekta! Cheo changu kiko hapo. Ningekaa?"

"Funguo?"

"Mezani."

"Mezani wapi?"

"Juu ya sanduku."

"Yaani mtihani wa taifa mmeuacha na funguo zake juu yake, kama mtu anayeacha kobazi msikitini."

"Kazi ya kulinda sanduku si yangu!" Bi Truphosa alipandisha sauti. "Serikali imeniletea askari. Miezi yote hii yuko hapa, anawapekua watoto mifuko, anawapima urefu wa nywele, wazazi wananijia juu kila siku. Jambo moja, jambo moja tu alilopewa leo, kukaa na sanduku! Na akaliacha!"

"Madam, wewe ndiye ulisema twende!"

"Nilisema uende?"

"Ulisema, 'Mutunga, mkamate!' Na funguo ni zako. Afande, mwenye funguo ndiye wa kuulizwa. Mimi hata simu yangu haipigi picha."

"Sasa ni mimi mwizi? Mimi?" Bi Truphosa aliitoa simu yake kwenye droo, akaibwaga mezani mbele ya Fadhiya. "Ikague! Ikague yote!"

Fadhiya aliikagua, kwa kuwa kazi ni kazi. Ilikuwa na nyimbo za kwaya na picha za shamba la chai. Aliirudisha. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba, na hawa wawili walikuwa bado wanarushiana maneno juu ya kichwa chake. Alipiga meza kwa kiganja.

"Basi! Nyamazeni nyote wawili. Nina swali moja. Nani aliyewaambia kuna mtoto anameza karatasi?"

"Naibu wangu," Bi Truphosa alisema. "Mwalimu Faraj."

"Alichungulia hapo dirishani," Mutunga aliongeza. "Akasema, 'Afande, harakisha, nyuma ya maabara kuna mtahiniwa anameza karatasi.' Nami nikaharakisha."

"Hivyo hivyo? Anameza karatasi?"

"Hivyo hivyo, Afande."

Fadhiya alikaa juu ya ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na hasira na Mutunga, maana sasa alikuwa amempata wa kumkasirikia barabara.

"Huyo Mwalimu Faraj kwao ni wapi?"

"Hapa hapa," Bi Truphosa alisema. "Bondeni. Amezaliwa huko, amesoma huko. Kwa nini?"

"Nyinyi wawili wageni. Mkiambiwa mtoto anakula karatasi, mtaona karatasi. Lakini mtu aliyezaliwa Bondeni amwone mtoto asubuhi ya mtihani, chupa ina manjano, marashi yananukia, asijue lile ni kombe? Haiwezekani. Hata kipofu wa Bondeni angejua. Alijua, na alijua kwamba nyinyi hamjui. Niitieni."

*

Mwalimu Faraj aliingia na kofia yake ya vito na tabasamu la adabu. Alikuwa mtu wa makamo, koti limefungwa vifungo vyote.

"Salaam aleikum, Inspekta."

"Waaleikum salaam, Mwalimu. Karibu kitako. Kwema nyumbani?"

"Kwema, alhamdulillahi. Ni haya ya leo tu yametukalia vibaya."

"Wafundisha somo gani, pamoja na unaibu?"

"Kemia."

Mutunga alikohoa. Fadhiya alimkata jicho.

"Ulimwona Sufyan akifanya nini, Mwalimu?"

"Akimeza karatasi. Nikaona ni wajibu wangu kumwarifu askari."

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Sikuona vyema. Nilikuwa mbali."

"Wewe ulipokuwa na mtihani wa kidato cha nne, mamako alikuandikia kombe?"

Tabasamu lilibaki pale pale, lakini macho yalikwenda kwenye pakiti.

"Zamani hiyo," alisema.

"Nipe mkono wako."

"Inspekta, mimi ni mwalimu wa Kemia. Mikono yangu haikosi rangi."

"Nipe tu."

Aliutoa. Ulikuwa umesuguliwa kwa sabuni mpaka ngozi imekauka, ila chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba wa manjano. Fadhiya aliinama akanusa.

"Na marashi mawaridi," aliuliza, "mnayafundisha kidato cha ngapi?"

Bi Truphosa alikuwa ameshika mdomo.

"Kombe ni wewe uliyempelekea," Fadhiya alisema. "Zafarani ilikuwa haijakauka, ikakushika. Ukampa, ukamwambia akanywe nyuma ya maabara asionekane. Kisha ukaja dirishani ukamwita Mutunga. Wakatoka wote, ukaingia. Simu iko wapi?"

Mwalimu Faraj alitia mkono ndani ya koti. Alichelewa sana huko ndani, kisha akaitoa simu ndogo akaiweka mezani taratibu.

"Nilitaka kuyajua maswali mapema," alisema. "Wanangu hawa wanaanguka Kemia kila mwaka, na kila mwaka nasimamishwa mbele ya wazazi kama mwizi. Niliwapelekea picha walimu wawili marafiki zangu tusaidiane majibu. Mmoja wao akazitawanya."

"Sikuulizi hilo bado. Nakuuliza mtoto. Katika watahiniwa wote, kwa nini yeye?"

"Ndiye aliyekuwa na kombe."

"Ulilitoa wapi?"

Faraj alivua kofia, akaikunja mapajani. "Kwa mamake. Ummukulthum. Alikesha kwa ustadhi, akanipa alfajiri nimpelekee, kwa kuwa yeye hataruhusiwa langoni." Akaikunjua tena. "Ni dadangu, Inspekta. Sufyan ni mpwa wangu."

Hata Mutunga alisahau kusimama wima.

"Mpwa wako!" Fadhiya alisema. "Mtoto wa nduguyo wa tumbo moja, umemfanya chambo?"

"Sikukusudia! Wallahi sikukusudia. Nilidhani askari atamfikia, atamuuliza ni nini hicho, mtoto atamwambia, watacheka, atamwachia. Dakika chache tu. Kengele ikilia yuko kwenye kiti chake. Zamani mtoto akifanya jambo shuleni alikuwa akiulizwa kwanza."

"Nani acheke? Mutunga? Mutunga aliyeleta bikari kituoni kama ushahidi? Huyu mtu umeishi naye tangu muhula wa pili, Mwalimu. Ulijua hana swali, ana pingu tu."

Mutunga alizigusa pingu zake kiunoni.

"Na alipofungwa pingu, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo varandani."

"Ulimwona anaingizwa garini."

"Nilimwona."

"Neno moja tu lilitosha. Kombe. Ungelisema, angefunguliwa pale pale, akafanya mtihani wake. Mbona hukusema?"

"Ningeulizwa nani kampa," Faraj alisema. "Na kwa nini nilimshtaki nikijua."

Fadhiya aliinuka akaenda dirishani, kwa sababu kama angeendelea kumtazama angemzaba kofi, na hilo lisingefaa kwenye ripoti. Alimpigia mkuu wa kituo, akamweleza kwa ufupi, akasema mtoto aletwe shuleni mbio mbio na barua ya kumsafisha itangulie kwa afisa wa elimu. Alipogeuka, Mutunga alikuwa ameshamfunga Faraj pingu bila kuambiwa. Kwa mara moja hiyo, Fadhiya hakumkemea.

"Sikiliza, Mwalimu," alisema. "Mtoto anakuja kuchukua kadi yake ya mtihani humu. Ana mtihani wa muda wa saa mbili na ushee mbele yake. Hatajua lolote mpaka aumalize, aweke kalamu chini. Mikono tia chini ya meza. Na ole wako uso wako umwambie kitu."

*

Sufyan aliletwa saa nane ikiwa karibu kugonga. Alikuwa amenawa uso, na nywele zake zilikuwa bado na maji. Bi Truphosa alimpa kadi yake, akamshika bega.

"Na Kemia, Madam?" kijana aliuliza. "Nitapewa siku nyengine?"

"Tutaandika barua," alisema Bi Truphosa, akamtazama Fadhiya, na Fadhiya akatazama kwengine. Barua zitaandikwa, na wote mle ndani walijua zinavyojibiwa.

Hapo ndipo Sufyan alipomwona mjomba wake nyuma ya meza. Uso ulimchanua. Alikwenda kwake moja kwa moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Sikukutaja," kijana alimnong'oneza, na chumba kizima kikasikia. "Wamenibana, lakini sikukutaja."

Faraj alitikisa kichwa.

Sufyan alinyoosha mkono wake wa kulia, kama anavyofanya mtoto yeyote wa mji huu anapomwendea mkubwa wake kabla ya jambo zito, ashike mkono wake, aubusu, aombewe. Alisimama hivyo, ameinama kidogo, kiganja wazi, anangoja. Mikono ya Faraj ilibaki chini ya meza.

"Niombee, mjomba."

"Nenda," Faraj alisema. "Utachelewa."

Kijana alingoja kidogo tena. Kisha aliurudisha mkono wake, akaupangusa kwenye suruali, akatoka. Fadhiya alimfuata varandani. Chumba cha mtihani kilikuwa mwisho wa varanda, na msimamizi alikuwa ameshashika mlango.

"Mjomba amenikasirikia," Sufyan alisema. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Nimefanya nini?"

Tangu asubuhi Fadhiya alikuwa na jibu la kila mtu.

"Kimbia," alimwambia. "Mlango unafungwa."